Pete ya Mkono wa Kushoto

“Nyie ongeeni,” mama alisema, amesimama mlangoni na kikapu chake cha kufumia. “Mimi nakaa hapa nje kwenye benchi. Ila niwasikie mnaongea. Mkinyamaza tu, naingia.”

“Mama, picha haipigwi mtu akiongea.”

“Basi mnyamaze wakati wa kupiga, kisha muongee. Mimi si mtoto, Glasha. Najua kunyamaza kwa kazi na najua kunyamaza kwa mambo mengine.”

Huyo ndiye mama yangu, Pelageya Fominishna. Alifua mashuka ya watu mpaka vidole vikapinda, ili mimi niingie shule ya dansi ya kifalme, na akisema jambo, limesemwa. Tangu jioni ile aliponibariki kwa picha takatifu ya Mama wa Mungu, mimi na mchumba wangu Kapiton Rodionovich tumepiga magoti mbele yake, hakuniacha nitoke peke yangu hata kwenda kuungama. Na hakuna mahali katika Petersburg nzima alipopaogopa kama studio ile ya orofa ya juu, yenye paa la vioo. Lakini angefanyaje? Kapiton mwenyewe ndiye aliyeichagua. Alikuwa amesikia kwamba hakuna anayewapiga picha wacheza dansi kumshinda Tikhon Savelyevich, akataka mchumba wake apate kilicho bora. Masikini wa Mungu, hakujua anamtuma nani kwa nani.

Kumtoa mama mle ndani ilikuwa kazi. Tikhon alimwambia mbao za sakafu zinalia kila akihama kiti.

“Kamera ikitikisika, mama, binti yako atatoka na vichwa viwili.”

“Kimoja chake hicho kinanitosha,” mama alijibu, akabeba kikapu. Mlango akauacha wazi upana wa kiganja.

Tukabaki wawili chini ya ule mwanga mweupe wa Machi. Sikuwa nimemwona tangu kabla ya mfungo wa Kwaresima. Alikuwa amevaa koti lake lile lile la kazi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa dawa za picha. Mama alizoea kusema vidole vile ni ishara ya mtu asiyeoga. Mimi nilivipenda kuliko vidole vyote duniani. Lakini vidole havikuwa sababu ya hofu ya mama, na mimi sikuwa mjinga nisijue. Tikhon alikuwa mume wa mtu. Baba yake alimwoza angali kijana, mke akamkimbia akaenda zake kusini na mwanamume mwingine, lakini kwetu talaka haitoki hivi hivi. Kila alipokwenda kwenye baraza la kanisa, mapadri walimwambia aende akaombe uvumilivu.

“Panda hapo, Glafira Arsenyevna!” alisema kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. Jina refu, la heshima, la kusikiwa na mama. Kisha akanisogelea, akaninong’oneza lile fupi. “Glasha.”

Nikapanda kwenye jukwaa dogo lililotandikwa zulia. Nyuma yangu palikuwa na nguzo ya chuma yenye vishikio viwili, kimoja cha kiuno na kimoja cha kisogo. Ninyi mnaozitazama picha zetu mkadhani tunaelea, msidanganyike. Hakuna binadamu anayekaa juu ya ncha ya kidole kimoja akitabasamu bila kutikisika. Tunafungwa kwenye chuma, sketi ya shashi inakificha, na kinachobaki kinafutwa kwenye kioo baadaye.

“Leo utasimama kwa mguu wa kushoto,” alisema.

Siku zote alinipiga nimesimama kwa wa kulia. Hakuuliza, nami sikueleza. Goti langu la kulia lilikwisha majira yale ya baridi, katikati ya mazoezi, kwa sauti ndogo kama ya kuvunja kijiti, na daktari wa jumba la maonyesho alitikisa kichwa tu. Waliojua kwamba sitacheza tena walikuwa wachache sana. Kapiton hakuwa mmoja wao. Yeye aliamini ninaliacha jukwaa kwa ajili yake, na machozi yalimlengalenga kila alipolitaja jambo hilo.

“Kidevu juu!” Tikhon akapaza sauti. Alikuwa nyuma yangu, akikaza kishikio cha kisogo, na pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu. “Umekonda.”

“Ni mfungo.”

“Usinidanganye.”

“Hivi sawa, Tikhon Savelyevich?” nikaita.

“Sawa kabisa! Mabega chini!” Akashusha sauti. “Harusi ni Jumapili gani?”

“Ile ya baada ya Pasaka.”

Mikono yake ikasimama. Sikuweza kugeuka nimwone uso, chuma kilikuwa kimenishika.

“Siwasikii!” mama akaita.

“Natafuta mwanga, Pelageya Fominishna!”

“Mwanga? Paa zima ni vioo, wewe baba, unautafutia wapi?”

Kicheko kilinijia. Nilikimeza. Tikhon akazunguka, akaja mbele yangu, ndipo nikayaona macho yake. Ni macho ya mtu asiyelala. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka kifuani pangu, vidole vimekunjuliwa, ile pete ya Kapiton iko juu. Ilikuwa pana na nzito, ya wafanyabiashara wa unga hasa, inayoonekana na mtu aliye ng’ambo ya barabara.

“Ndivyo alivyoagiza?” akauliza.

“Ndivyo alivyoagiza mama yake. Amekubali nipigwe picha nikiwa na nguo za dansi kwa sharti kwamba pete ionekane.”

“Feoktista Lvovna.”

“Unamjua?”

“Nani hamjui. Aliwahi kuja hapa kupigwa picha, akakataa kukaa kiti kile kwa sababu paka alikuwa amelala juu yake.” Alikuwa bado ameushika mkono wangu. Kisha akasema maneno mafupi ambayo ni dhahiri alikuwa ameyaweka moyoni siku nyingi. “Naweza kukigeuza.”

“Kugeuza nini?”

“Kioo cha picha. Kina upande wenye dawa na upande mtupu. Nikilaza upande wa dawa juu ya karatasi, unatoka kama ulivyo. Nikikilaza kinyume, kulia kunakuwa kushoto. Nyumba, mti, mtu. Pete.”

Nikaelewa kabla hajamaliza. Kwetu pete huvaliwa mkono wa kulia. Mwanamke anayeihamishia wa kushoto ni yule aliyekwisha kumzika mume wake. Na Feoktista Lvovna, mama ambaye akipiga miayo anajichorea msalaba mdomoni shetani asipate pa kuingilia, mama aliyemfukuza mpishi kwa kumwaga chumvi mezani, ana mtoto mmoja tu wa kiume duniani. Akifungua bahasha akamkuta mchumba wa mwanawe amevaa pete ya mjane, hata umweleze habari za vioo na dawa mpaka Kiama, harusi haipo.

“Nitasema nimekosea,” Tikhon alisema haraka. “Nitapiga magoti niombe radhi. Wapiga picha wanakosea kila siku. Hakuna atakayekulaumu, wala mama yako. Yeye hatakuwa amevunja neno, watakuwa wamevunja wao. Nikubalie tu, Glasha.”

Moyo wangu ulidunda mpaka nikaogopa sketi itatikisika. Sitaki kujifanya mwema. Kwa dakika ile nzima niliiona harusi imevunjika, nikamwona Feoktista Lvovna akibamiza mlango, nikajiona nikizipanda ngazi zile bila mama na bila kikapu. Niliona raha tupu. Kisha nikaona kinachofuata.

“Halafu?” nikamwuliza.

“Halafu nini?”

“Wakishavunja. Mimi nitakuwa nani?”

“Utakuwa wangu.”

“Wako kwa jina gani, Tisha? Una mke.” Nami nilimwita kwa jina lake fupi.

“Sina mke. Nina karatasi.”

“Hiyo karatasi ndiyo mke! Mimi nitakuwa yule wa nyuma ya pazia. Wacheza dansi wenzangu watakuja kupigwa picha, mimi niwapishe njia, wajifanye hawajaniona.”

“Mnabishana nini?” sauti ya mama ikaingia.

“Habari za mkono, mama!” nikajibu.

“Mkono uwe wa kulia! Mwambie asije akakosea!”

Tikhon akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto, asiyejua amkasirikie nani.

“Twende Paris,” alisema. “Wenzako si wamekwenda? Kule wanawashangilia mpaka wanalia. Nitapata kazi, wapiga picha wanatakiwa. Hakuna mtu kule atakayetuuliza padri wetu ni nani.”

“Wenzangu walikwenda na magoti mawili.”

“Mimi sikukupenda kwa ajili ya goti.”

“Najua. Ila mama alilipenda sana goti lile, ndilo lililokuwa limtoe kwenye mapipa ya sabuni. Umeiona mikono yake? Leo asubuhi ameshindwa kufunga vifungo vya koti. Nimfungie vifungo, nimwambie kwaheri, nipande treni?”

“Tutamchukua.”

“Mama? Akaishi chini ya paa moja na binti yake na mume wa mtu? Ameshika picha takatifu kwa mikono ile ile, Tisha, akasema mbele ya Mungu kwamba ananitoa. Atakufa kwanza.”

Kulikuwa na theluji juu ya paa, ikaanza kuteleza kwa jua, na kivuli chake kikapita juu ya uso wa Tikhon kikaenda.

“Basi niambie Kapiton ni mtu mbaya,” alisema. “Nipe hata hilo.”

“Ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mbaya ningekuruhusu saa hii hii.”

“Niambie hunipendi. Ukisema hivyo nitakilaza kioo sawasawa, wala hutasikia habari zangu tena.”

“Siwezi kusema hivyo.”

“Basi nikubalie!”

“Hapana. Niapie kwamba hutafanya.”

“Glasha…”

“Niapie!”

Alinitazama. Mimi nilikuwa nimefungwa kiuno na kisogo, siwezi kuinama, siwezi kumshika, mguu mmoja hewani, nimejipamba kichwani maua ya nguo na usoni poda. Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kuukataa moyo wake akiwa amevaa upuuzi wa namna ile. Tulitazamana muda mrefu. Yote aliyotaka kusema yalikuwa pale machoni, nami niliyasikia yote, na hakuapa.

Mlango ukalia.

“Mmenyamaza,” mama alisema, na kichwa chake kikatangulia ndani.

“Tunapiga, mama,” Tikhon alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. Akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama alidhani anapima picha. Mimi niliona kile kitambaa kikitetemeka mabegani, nikaomba mama asikione.

Alipotoka, uso ulikuwa mkavu. Akaingiza kioo, akashika kifuniko cha lenzi.

“Usipepese macho, Glafira Arsenyevna. Fikiria jambo la furaha.”

Akafungua. Nilimfikiria yeye. Akafunga.

“Imekwisha?” mama akauliza.

“Imekwisha,” alisema Tikhon.

Nikavaa nguo zangu nyuma ya kiambaza, mama akinishikia koti na kunung’unika kwamba goti litapata baridi. Tulipokuwa tumekwisha kutoka, Tikhon akaja hadi mlangoni, akaninyooshea mkono aniage. Yeye alikuwa ndani, mimi nje. Mama akaupiga ule mkono kama anayefukuza nzi.

“Si kizingitini! Hamjui? Watu wakipeana mikono kizingitini watagombana.”

Tikhon akaurudisha mkono wake. Angeweza kuvuka nje, au mimi nikarudi ndani, ilikuwa hatua moja tu. Lakini mama alikuwa amesimama katikati, na hakuna aliyeipiga hatua hiyo.

Bahasha ilifika Wiki Takatifu. Tulikuwa nyumbani kwa akina Zubarev, kwao Kapiton, tumeketi wote mezani, mimi na mama upande mmoja, Kapiton na mama yake upande wa pili, tunakunywa chai na jemu kwa kuwa siagi bado ilikuwa haramu. Kapiton aliipokea mlangoni mwenyewe, akaja nayo mbio, mtu mzima yule na ndevu zake, amefurahi kama aliyeletewa mtoto wa mbwa.

“Fungua wewe, Glafira,” aliniambia. “Ni yako.”

“Afungue mama yako,” nikasema. Sikuiamini mikono yangu.

Feoktista Lvovna akavaa miwani, akakata uzi kwa kisu cha mkate. Karatasi ya kwanza. Karatasi ya pili. Na hapo ndipo nilipojijua. Midomo yangu ilikuwa inacheza, mama akadhani nasali, na kweli nilikuwa nasali. Mungu wangu, Tikhon asiwe amenisikiliza. Mungu wangu, awe amekigeuza. Hakuapa, niliona kwamba hakuapa. Awe amekosa utii mara hii moja, nami nitafunga maisha yangu yote.

Feoktista Lvovna akaitazama picha kwa muda. Akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama tena.

“Pete imetoka vizuri,” alisema, akampa mwanawe.

Ilikuwa mkono wa kulia. Nilisimama kwa mguu wa kushoto, kidevu juu, mabega chini, kila kitu mahali pake, nguzo ya chuma imefutwa usidhani iliwahi kuwepo. Mama akashusha pumzi yake yote pembeni yangu na kunibana paja chini ya meza. Kapiton akaibusu ile picha mbele ya watu, akaona haya. Nami, nilimchukia Tikhon Savelyevich dakika ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimwomba jambo moja tu, na yeye, mjinga mwenye adabu, akanifanyia.

“Mbona unalia, mwanangu?” Feoktista Lvovna akaniuliza.

“Furaha, mama,” nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mama.

Tukafunga ndoa ile Jumapili. Sina la kusema juu ya Kapiton ila jema. Alimpa mama yangu chumba chenye jiko la joto, wala hakuniuliza kwa nini nashuka ngazi mguu mmoja mmoja. Kama wema ungetosha, ningekuwa mwanamke mwenye heri kuliko wote mtaani.

Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilitukuta mjini. Tulikuwa tunatembea baada ya ibada, mikono yangu ndani ya mfuko wa manyoya wa kupashia mikono joto alioninunulia, yeye akinishika kiwiko kwa sababu ya utelezi. Sikuuchagua ule mtaa. Yeye ndiye aliyekata kona, nami nilikosa sababu ya kumzuia. Pale chini, karibu na mlango wa ile nyumba, Tikhon alikuwa na dirisha la kuonyeshea picha zake. Katikati, ndani ya fremu nyeusi, nilikuwa mimi.

“Angalia!” Kapiton alisema. “Ni wewe! Ni ile yetu!” Akafuta kioo kwa glavu yake, akainama. “Hapana, ngoja. Huyu fundi amekosea. Tazama, ameigeuza. Pete iko mkono wa kushoto, kama mjane.”

Alicheka, lakini alijichora msalaba upesi upesi.

Nilisogea. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, kwa kuwa mwanga ulikuwa umepita kwenye unene wa kioo, nami niliona kama vile mtu amenipumulia. Pete ilikuwa mkono wa kushoto. Pete ya mkono wa kulia Tikhon hakuwa na haki ya kunivika, hakuwahi kuwa nayo. Nikadhani hiyo ndiyo habari yote aliyotaka kuniambia. Ndipo nikayashusha macho hadi miguuni. Nilikuwa nimesimama kwa mguu wa kulia. Juu ya ncha ya kidole, umenyooka, mzima, juu ya goti lile lililokwisha. Mle ndani ya fremu yake nilikuwa ninacheza bado.

“Niingie nimwambie aiondoe?” Kapiton akauliza. “Mama akipita hapa ataugua.”

“Usiingie.”

“Ni dakika moja tu, Glafira. Huenda hata hajui kama amekosea.”

“Mwache,” nilisema. “Baridi kali. Twende nyumbani.”

Akanitazama, na kwa kuwa ni mtu mwema, hakuuliza tena. Juu, kwenye vioo vya paa, mtu alikuwa ameanza kukwangua theluji ili mwanga uingie. Nilisikia ile sauti mpaka tulipokata kona.

Ndani ya mfuko wa manyoya, pasipo mtu kuona, niliivua pete mkono wa kulia nikaivaa wa kushoto. Haikupita kwa urahisi, ikabidi niisukume. Nikatembea nayo hivyo njia nzima, nimeegemea bega la mume wangu, na yeye akinionyesha vibanda vya maandazi na watoto wanaoteleza. Tulipofika mlangoni kwetu nikairudisha.

“Mikono imepata joto?” Kapiton akaniuliza.

“Imepata,” nikamwambia.